Mwenye Pointi Nyingi Anaweza Kushindwa: Hesabu ya Tenisi kwa Wanaoanza

Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana wa Tanga, asubuhi ya mechi za watoto

Wazee wangu, shikamoni. Mama zangu, shikamoni. Walimu mliofuatana na watoto, karibuni sana. Na nyinyi vijana mliofika hapa na raketi mgongoni kabla hata uwanja haujafagiliwa, hamjambo?

Asanteni kwa kuwahi, jua la Tanga halijakolea bado. Nimepewa nafasi hii kabla mechi hazijaanza, nami nitaitumia kwa jambo moja tu, nalo ni hesabu. Namna ya kushika raketi na ya kupiga mpira watoto wanafundishwa kila wiki, sitaigusa. Ninachotaka ni kwamba kila aliyekaa hapa, hata bibi aliyekuja kumsindikiza mjukuu wake, aweze kutazama mechi ya leo akajua nani anaongoza, kwa nini anaongoza, na pointi ipi ina uzito kuliko nyingine.

Swali ninaloulizwa na wazazi kuliko yote ni hili: "Mwalimu, mimi nilikuwa nahesabu. Mwanangu amepata pointi nyingi kuliko mwenzake. Imekuwaje ameshindwa?" Mzazi huyo hakukosea kuhesabu. Mara nyingi anasema kweli tupu. Na anayelielewa jibu la swali hilo ameshaielewa tenisi.

Sisi watu wa Tanga tumelelewa na mpira wa miguu. Tunakwenda Mkwakwani kuwatazama Wagosi wa Kaya, Coastal Union, na African Sports, na macho yetu yamezoea hesabu ya huko. Bao la dakika ya 2 lina thamani sawa na bao la dakika ya 89. Yote yanajumlishwa, na filimbi ya mwisho ikilia, mwenye mengi ndiye mshindi. Timu yako ikiongoza 3 kwa 0 zikiwa zimebaki dakika mbili, unaweza kuinuka ukaanza safari ya nyumbani. Tenisi haina dakika. Hakuna filimbi itakayokuokoa kwa kuwa unaongoza, wala hakuna namna ya kupoteza muda mpaka mechi ijiishie. Mechi inakwisha pale tu mmoja anaposhinda pointi ya mwisho, na mpaka pointi hiyo ipigwe, aliye nyuma bado ana nafasi yake kamili.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Pointi zinatengeneza gemu. Gemu zinatengeneza seti. Seti zinatengeneza mechi. Gemu ikimalizika, pointi zake zote zinafutwa na wote wawili wanaanza upya kutoka sifuri. Seti ikimalizika, gemu zake zinafungwa, nayo mpya inaanza kutoka sifuri. Ulichopata ndani ya gemu uliyoshindwa hukibebi kwenda nacho mbele. Unaweza kufika arobaini katika gemu kisha ukaipoteza, na pointi zako tatu zimekwenda.

Tuanze na gemu, maana ndiyo inayowachanganya wengi.

Katika gemu moja anasevu mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho. Kusevu ni kuanzisha mpira. Gemu inayofuata anasevu mwenzake. Anayesevu anasimama nyuma ya mstari wa mwisho, upande wake wa kulia, anapiga mpira kwa mshazari uvuke wavu uangukie ndani ya boksi la sevu la upande wa pili. Ana nafasi mbili. Akikosa ya kwanza hakuna hasara. Akikosa na ya pili, pointi ni ya mpokeaji. Mpira wa sevu ukigusa wavu kisha ukaangukia ndani ya boksi, wachezaji wanaita leti, na sevu hiyo inarudiwa bila kuhesabiwa kosa. Pointi ya pili anahamia kushoto, ya tatu anarudi kulia, hivyo hivyo mpaka gemu iishe.

Tuseme binti wa Ngamiani anasevu na binti wa Chumbageni anapokea. Wanaanza sifuri kwa sifuri. Wa Ngamiani anashinda pointi ya kwanza: kumi na tano kwa sifuri. Wa Chumbageni anashinda inayofuata: kumi na tano kwa kumi na tano. Wa Ngamiani tena: thelathini kwa kumi na tano. Anashinda na nyingine: arobaini kwa kumi na tano. Sasa amebakiza pointi moja kuichukua gemu. Akiipata, gemu ni yake, na ile kumi na tano ya mwenzake imefutika.

Namba hizo msizijumlishe. Kumi na tano ni pointi ya kwanza, thelathini ni ya pili, arobaini ni ya tatu, na ya nne ni gemu. Zimerithiwa kutoka mchezo wa zamani wa Ufaransa uliochezewa ndani ya kuta, na huko mwanzoni ya tatu iliitwa arobaini na tano kabla ya kufupishwa. Meja Walter Wingfield alipoisajili tenisi yake ya nyasi Uingereza mwaka 1874, aliweka hesabu tofauti kabisa: gemu ilikwenda hadi pointi 15, na anayesevu peke yake ndiye aliyeweza kuongeza pointi. Waandaaji wa mashindano ya kwanza ya Wimbledon, mwaka 1877, waliiacha hesabu hiyo na kurudi kwenye 15, 30, 40. Mimi naona walifanya jambo jema. Gemu fupi inayofutwa kila mara inampa aliyeelemewa mlango wa kurudi. Mtoto aliyefungwa gemu bila kupata hata pointi moja hajaachwa pointi nne nyuma. Ameachwa gemu moja, na inayofuata inaanza sifuri kwa sifuri.

Jambo la kulishika sana: hesabu ya anayesevu hutajwa kwanza, siku zote. Ukisikia "thelathini kwa arobaini", anayesevu ana 30, mwenzake ana 40, na anayesevu yuko hatarini. Ukisikia "arobaini kwa thelathini", hatari iko kwa mpokeaji. Wazazi wengi wanashangilia wakati wa kusikitika kwa sababu hawajui namba ya kwanza ni ya nani.

Sasa wakifika arobaini kwa arobaini. Hapo panaitwa dyusi, na hapo pointi moja haitoshi tena. Lazima mmoja ashinde mbili mfululizo. Akishinda ya kwanza anapata advanteji. Akishinda na ya pili, gemu yake. Akiipoteza hiyo ya pili, advanteji inafutwa, wanarudi dyusi, na kazi inaanza tena. Hakuna kikomo. Gemu moja inaweza kurudi dyusi mara nyingi hadi ikachukua muda mrefu kuliko gemu tatu zilizoitangulia.

Hii ndiyo sehemu ya hesabu ninayoipenda kuliko zote. Mpira unaweza kugonga ukingo wa juu wa wavu ukadondokea kwa mwenzako, au upepo wa bahari ukaubeba hadi kwenye mstari. Mkiwa sawa, pointi moja ya namna hiyo haikupi gemu peke yake. Unadaiwa nyingine. Mtoto anayejua hivyo hakati tamaa kwa sababu ya mpira mmoja wa bahati mbaya. Anarudi kushoto kwake, anavuta pumzi, anacheza pointi inayofuata.

Kuna njia rahisi ya kuikumbuka hesabu mkiipoteza katikati ya gemu. Tazameni anayesevu amesimama wapi. Pointi zilizochezwa zikiwa shufwa, anasevu kutoka kulia. Zikiwa witiri, anasevu kutoka kushoto. Sifuri kwa sifuri, kulia. Kumi na tano kwa kumi na tano zimechezwa mbili, kwa hiyo kulia. Thelathini kwa kumi na tano zimechezwa tatu, kwa hiyo kushoto. Dyusi ni kulia daima, advanteji ni kushoto daima. Kwa hiyo mtu akidai ni dyusi huku alikuwa akijiandaa kusevu kutoka kushoto, simamisheni mhesabu upya. Nimeona ugomvi mwingi wa watoto ukimalizwa na jambo hili dogo.

Na kutokana na hesabu hii, pointi hazilingani uzito. Anayesevu akiongoza arobaini kwa sifuri, akipoteza pointi moja hajaumia sana. Lakini kwenye thelathini kwa arobaini, pointi hiyo hiyo moja inaweza kumpokonya gemu aliyokuwa akisevu. Wachezaji wanasema amevunjwa sevu. Kwa wakubwa wanaosevu kwa nguvu, kuvunja sevu ya mpinzani mara moja tu kunaweza kuamua seti nzima, ndiyo maana uwanja mzima hukaa kimya pointi hizo zinapochezwa. Kwa watoto wetu sevu bado ni dhaifu na zinavunjwa ovyo, msishtuke.

Tupande kwenye seti. Anayetangulia kufikisha gemu 6 anachukua seti, lakini awe amemzidi mwenzake kwa gemu mbili. 6-0 hadi 6-4, seti imekwisha. Ikiwa 6-5, haijaisha. Wanacheza gemu nyingine, na anayeongoza akiipata inakuwa 7-5. Akiikosa wanakuwa 6-6, na hapo inaingia taibreki, nitaifikia sasa hivi.

Wanabadilishana pande za uwanja baada ya gemu ya kwanza, ya tatu, ya tano, kila jumla ya gemu ikiwa witiri. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini. Viwanja vya tenisi hulazwa kaskazini hadi kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisimpige mmoja machoni. Kwa hiyo wakati wa kusi, upepo unapita kwa urefu wa uwanja: anayecheza na kusi mgongoni mipira yake inaruka hadi nje, na anayeukabili anapiga kwa nguvu zote mpira ukafia katikati. Kaskazi ikifika, mambo yanageuka. Kubadilishana pande kunahakikisha upepo mnagawana. Na hapa pia hesabu inajikumbusha yenyewe: mkijua mmebadilishana pande mara ngapi, hamwezi kupotea zaidi ya gemu moja.

Sasa nirudi kwa mzazi wetu aliyekuwa akihesabu. Nitampa mfano, na aliye na kalamu auandike. Yule wa Ngamiani anashinda gemu 6, kila moja kwa pointi 4 dhidi ya 2. Hizo ni pointi 24 zake, na 12 za mwenzake. Wa Chumbageni anashinda gemu 4, na kila moja anaishinda kwa pointi 4 dhidi ya sifuri. Hizo ni pointi 16 zake. Seti imekwisha 6-4, mshindi wa Ngamiani. Jumlisheni pointi: wa Ngamiani 24, wa Chumbageni 28. Aliyeshinda ana pointi chache kwa nne, na hakuna aliyeibiwa. Wa Chumbageni alipocheza vizuri alicheza vizuri mno, lakini gemu zilizokuwa zimebanana, mwenzake ndiye aliyezimaliza.

Hili haliwapati watoto tu. Fainali ya Wimbledon ya wanaume mwaka 2019, Roger Federer alishinda pointi 218, Novak Djokovic 204. Bingwa alikuwa Djokovic. Matokeo yalikuwa 7-6, 1-6, 7-6, 4-6, 13-12. Tazameni seti ya pili na ya nne: Federer alizishinda kwa raha, ya pili akamwachia mwenzake gemu moja tu. Pointi zake nyingi zililala humo. Djokovic alizishinda zile tatu zilizofika kwenye taibreki, zote tatu. Na katika seti ya tano, ambayo mwaka huo taibreki yake ilingojwa hadi 12-12, Federer alikuwa anaongoza gemu 8-7, anasevu, arobaini kwa kumi na tano. Alikuwa na nafasi mbili za kumaliza mechi, pointi moja tu ilitosha katika hizo mbili. Hakuipata. Zilitimia saa 4 na dakika 57 za kucheza ndipo mshindi akapatikana. Aliyekuwa nyuma alibaki na haki ya kucheza kila pointi mpaka mwisho, na aliitumia.

Upande wa pili wa mambo, mwaka 2012 hapo hapo Wimbledon, Yaroslava Shvedova wa Kazakhstan alimfunga Sara Errani wa Italia seti nzima bila kumwachia hata pointi moja. Gemu 6 mara pointi 4, ni pointi 24 mfululizo. Hiyo ndiyo seti fupi kuliko zote zinazowezekana. Lakini seti ya pili ilipoanza, alianza na sifuri kama mwenzake, na ikambidi apambane hadi 6-4.

Taibreki. Zamani haikuwapo. Mkifika 6-6 mnaendelea mpaka mmoja azidi kwa gemu mbili, hata kama ni mpaka jioni. Mmarekani mmoja, Jimmy Van Alen, ndiye aliyeipigania njia ya kuzikatisha seti hizo, na mashindano makubwa ya Marekani yakaikubali mwaka 1970, ingawa ile ya kwanza ilikuwa fupi zaidi ya hii tunayocheza sasa.

Ya leo iko hivi. Mkifika 6-6, mnacheza gemu moja ya pekee, na ndani yake mnahesabu moja, mbili, tatu, hesabu ya dukani. Anayetangulia kufikisha 7 anashinda, mradi amezidi kwa mbili. 7-5 imekwisha, 7-6 haijaisha, mnaendelea hadi 8-6, 9-7, popote itakapofika. Zamu ya kusevu imefika kwa nani? Huyo anasevu pointi moja tu. Kisha mwenzake anasevu mbili, kisha yeye mbili, mbili mbili hivyo mpaka mwisho. Kila zikichezwa pointi 6 mnabadilishana pande. Mshindi wa taibreki anapewa gemu ya saba, na seti inaandikwa 7-6. Mkiona kwenye gazeti 7-6 na namba ndogo kwenye mabano, tuseme 4, namba hiyo ni pointi alizopata aliyeshindwa taibreki.

Mnataka kujua kwa nini taibreki inahitajika, sikilizeni habari ya John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa. Wimbledon, mwaka 2010, mzunguko wa kwanza tu. Wakati huo seti ya mwisho ya Wimbledon haikuwa na taibreki. Walianza tarehe 22 Juni, giza likawakuta. Wakarudi tarehe 23, wakacheza seti ya tano siku nzima, giza likawakuta tena wakiwa 59-59. Ubao wa umeme wa kuonyesha matokeo ulikwama kwenye 47-47, kwa sababu haukutengenezwa kwa namba kubwa kuliko hapo. Wakamaliza tarehe 24. Isner alishinda seti hiyo 70-68. Mechi nzima ilichukua saa 11 na dakika 5, gemu 183. Na pointi? Mahut, aliyeshindwa, alipata 502. Isner, aliyeshinda, alipata 478. Mtu amecheza siku tatu, amemzidi mwenzake kwa pointi 24, na bado ameshindwa. Siwezi kuwaambia aliumia kiasi gani, lakini nawaambia alibaki uwanjani kucheza kila moja ya pointi hizo, na mimi namheshimu kwa hilo kama ninavyomheshimu mshindi.

Wimbledon ilibadilisha kanuni mwaka 2019, ikaweka taibreki kwenye 12-12. Tangu 2022 mashindano yote manne makubwa, ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani, yanafuata kanuni moja: seti ya mwisho ikifika 6-6, inachezwa taibreki ya pointi 10.

Mechi kwa kawaida ni seti mbili katika tatu. Anayetangulia kushinda seti mbili amemaliza, hana haja ya tatu. Wanaume kwenye mashindano hayo manne hucheza tatu katika tano. Basi.

Mechi za wawili wawili, na mechi nyingi za vijana, mara nyingi huacha kucheza seti ya tatu. Wakifungana seti moja moja, badala ya seti nzima wanacheza taibreki ya pointi 10. Hapa nataka vijana wangu wa kike wanisikilize. Mwaka 2022, Angella Okutoyi wa Kenya, jirani zetu hawa tunaopakana nao Horohoro, aliingia fainali ya wasichana wawili wawili Wimbledon pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walicheza na wasichana wawili kutoka Canada. Seti ya kwanza walifungwa 3-6. Ya pili wakashinda 6-4. Wakaingia kwenye taibreki ya 10, na wakashinda 11-9. Sasa mmeshajua hesabu, ifikirieni hiyo 11-9 maana yake nini. Lazima walifika 9-9. Hapo walidaiwa pointi mbili mfululizo, mbele ya watu, kwenye uwanja wa kigeni, na wakazipata zote mbili. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji kwenye mashindano hayo makubwa. Ile seti ya kwanza waliyofungwa haikuwafuata. Ilifungwa pale pale ilipoishia.

Leo hapa tutacheza kwa kifupi, ili watoto wote wapate zamu kabla ya jua la mchana. Seti ni za gemu 4, kuzidi kwa mbili. Mkifika 4-4 ni taibreki ya 7. Mkifungana seti moja moja, ni taibreki ya 10. Na hakutakuwa na advanteji: mkifika dyusi, inachezwa pointi moja tu ya kuamua, na mpokeaji ndiye anayechagua apokee kulia au kushoto. Nimekwisha kuwaambia ninavyoipenda dyusi ya kawaida, kwa hiyo mnaelewa nimekubali kanuni hii kwa sababu ya muda tu. Wakikua wataicheza ile kamili.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote niliyosema. Leo hakuna mwamuzi kwenye kiti. Mechi nyingi za tenisi duniani, ukiacha zile tunazoziona kwenye televisheni, hazina mwamuzi. Wachezaji wenyewe ndio wanaohesabu na wenyewe ndio wanaoamua mpira umeingia au umetoka. Kila mtoto anaamua mistari ya upande wake wa wavu. Mpira ukigusa mstari, hata kwa ukingo tu, umeingia. Kama hukuuona vizuri, umeingia. Pointi ni ya mwenzako. Huwezi kusema "sikuuona, turudie". Kanuni hiyo ni ngumu kwa mtoto wa miaka 10 aliye nyuma kwa gemu mbili, na nimeona watoto wa mji huu wakiifuata huku machozi yakiwalenga. Ninaona fahari zaidi kwa hilo kuliko kwa kikombe.

Na hesabu itamkwe. Anayesevu, kabla ya kila pointi, aitaje kwa sauti mwenzake aisikie: "thelathini kwa kumi na tano". Kabla ya kila gemu, ataje gemu: "mbili kwa moja". Itaje kwa Kiswahili, uwanja mzima uelewe. Mtoto mnyonge wa sauti atajitahidi, maana asiyetaja hesabu atanyang'anywa, na hata asiponyang'anywa atabaki na shaka. Mkitofautiana, msibishane juu ya gemu nzima. Rudini nyuma pointi moja moja, zile mnazokubaliana wote zinabaki, zile msizokubaliana ndizo zinazorudiwa. Mkishindwa kabisa niiteni, niko kwenye benchi la karibu na lango.

Wazazi wangu, nawaomba kwa heshima: msipige kelele ya "umetoka!" kutoka huku nje. Kutoka pembeni mwa uwanja macho yanadanganya, na hata yasipodanganya, uamuzi si wenu wala si wangu. Msimsaidie mwanao kuhesabu. Kama hesabu imempotea, ni yake kuitafuta pamoja na mwenzake. Pigeni makofi pointi ikiisha, pigieni watoto wote wawili, kisha nyamazeni anayesevu anapoudunda mpira. Na ukitaka kuijua mechi iko wapi, tega sikio kwa anayesevu. Sasa unajua namba ya kwanza ni ya nani.

Tunaanza na wasichana wa chini ya miaka 12, uwanja huu wa mbele. Sogeeni wavuni, mshikane mikono, turushe sarafu. Atakayeshinda sarafu ana uchaguzi: kusevu au kupokea, au kuchagua upande wa kuanzia, au kumwachia mwenzake achague kwanza. Akichagua sevu, mwenzake anachagua upande. Mtakuwa na dakika tano za kupasha mwili, mkimaliza nataka nisikie mnataja sifuri kwa sifuri.